Nyumba ya Watu na Ng'ombe: Msonge, Zizi na Nyumba ya Bati katika Miteremko ya Kilimanjaro

Historia ya usharika wowote wa miteremko ya Kilimanjaro huandikwa kwa kufuata majina ya wachungaji, mwaka wa ubatizo wa kwanza na siku ya kuwekwa wakfu kwa jengo la ibada. Nyumba walimolala Wakristo hao, ambamo walitoka alfajiri ya Jumapili wakiwa na harufu ya moshi katika nguo zao, hazitajwi. Hata hivyo hakuna jengo la kanisa lililobadilika katika miaka mia moja kwa kiasi kilichobadilika nyumba ya Mchaga. Mabadiliko hayo yalianza na jambo linaloonekana dogo, nalo ni kumtenga ng'ombe na watu.

Wageni wa Dayosisi waliopata kusoma au kutembea Ulaya wamekutana na kisa kinachofanana na hiki. Katika mashamba ya matajiri na watu wa ukoo bora huko Uingereza na Ujerumani, mabanda ya farasi yalijengwa kwa mawe au matofali mazuri, mbali kidogo na nyumba kubwa, na juu yake wakalala wachunga farasi. Magari yalipokuja farasi wakaondoka, na mabanda mengi ya namna hiyo yakatiwa madirisha, sakafu na majiko, yakawa makazi ya watu. Kwa ufupi, zizi likawa nyumba. Kilimanjaro njia ilikuwa ya kinyume. Farasi hakuwa mnyama wa nchi hizi, kwa kuwa ndorobo wa nyika na maradhi ya farasi havikumpa nafasi. Mnyama wa Mchaga alikuwa ng'ombe, naye hakuwa na banda lake. Aliishi ndani ya nyumba pamoja na mwenye nyumba, chini ya paa moja, pembeni mwa moto mmoja. Ilipofika siku ya kuachana, aliyehama ni mtu, na nyumba akaachiwa ng'ombe.

Jengo lenyewe

Nyumba ya asili ilikuwa ya mviringo. Katika sehemu nyingi za mlima ilikuwa na umbo la mzinga, imeezekwa kwa nyasi tangu kileleni mpaka ardhini, hata mtu akiwa mbali asijue ukuta umeishia wapi na paa limeanzia wapi, kwa sababu ukuta haukuwapo. Namna nyingine ilikuwa na ukuta mfupi na paa la pia, na penye migomba mingi kuliko nyasi paa hilo liliezekwa kwa majani makavu ya migomba. Kwa Kiswahili namna zote mbili zimezoea kuitwa msonge.

Mifupa ya jengo ilikuwa nguzo za miti migumu zilizosimikwa ndani, na fito ndefu zilizochimbiwa ardhini kwa kuzunguka duara, zikapindwa na kukutanishwa juu. Fito nyingine zilizungushwa kwa mlalo kama pete, kila pete ndogo kuliko iliyo chini yake, zote zikafungwa kwa kamba za maganda ya migomba. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Kazi hiyo haikufanywa na mtu peke yake: majirani na ndugu walikusanyika, wanaume wakakata miti na kufunga fito, wanawake wakaleta nyasi kutoka chini, na mbege ikawa ndiyo shukrani. Watu wa siku hizi wanaodhani kwamba nyumba ya nyasi ni kazi rahisi wangejaribu kupinda fito za mita sita bila kuzivunja.

Ndani hapakuwa na dirisha. Mlango ulikuwa mmoja na wa chini, mtu aliinama kuingia. Jicho likishazoea giza liliona kwanza moto katikati, mafiga matatu, na juu ya moto dari la miti. Upande mmoja kulikuwa na kitanda cha mama na watoto. Upande wa pili, wakitengwa kwa nguzo na miti ya kulaza, walifungwa ng'ombe, na mara nyingi mbuzi na kondoo karibu nao. Darini ziliwekwa kuni zikauke, ndizi ziive, na mbegu zilizohitaji moshi ili zisibunguliwe. Moshi haukuwa na bomba wala tundu la kutokea. Ulipanda taratibu ukapenya katika nyasi, ukaziacha nyeusi na ngumu, na wadudu wakafa au wakahama. Moto huo uliwasaidia watu, uliihifadhi nyumba, na katika usiku wa baridi ya Julai mwili wa ng'ombe nao ulitoa joto lake.

Ni vema msomaji asiipambe nyumba hiyo kuliko ilivyokuwa. Moshi uliumiza macho na vifua, hasa vya watoto wachanga na vya akina mama waliopika humo tangu ujana mpaka uzee. Nyasi zilishika moto upesi, na katika vita vya Wamangi, wakati wa Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho, kuchoma nyumba za adui kulikuwa jambo la kawaida. Ndiyo maana sehemu kadhaa za mlima watu walichimba mahandaki marefu chini ya ardhi, mengine mapana kiasi cha kuingiza ng'ombe. Adui alipokuja, nyumba iliachwa iungue, na walioishi chini ya paa moja walijificha chini ya ardhi moja.

Kwa nini ng'ombe alikaa ndani

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walioandika juu ya Wachaga waliliona jambo la ng'ombe kulala na watu, na wengine walilitaja kwa mshangao au kwa dharau. Wachache waliuliza sababu. Sababu ya kwanza ni kihamba chenyewe. Katika ukanda wa migomba, kati ya mita kama 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ardhi yote ilikuwa imepandwa: migomba, magimbi, viazi vikuu, na baadaye kahawa chini ya kivuli cha miti mirefu. Hapakuwa na malisho. Ng'ombe hakuweza kuachiwa atembee, kwa hiyo alifungwa na chakula chake kikaletwa: magogo ya migomba yaliyokatwakatwa, majani, na nyasi zilizokatwa katika nchi ya chini karibu na tambarare. Nyasi hizo zilibebwa na wanawake kichwani au mgongoni, kwa mwendo wa saa nyingi wa kupanda mlima. Kila habari ya ng'ombe wa Uchagani inapaswa kuanza na mgongo wa mwanamke huyo.

Sababu ya pili ni samadi. Mgomba haudumu kizazi baada ya kizazi mahali pamoja bila kulishwa. Samadi iliyotoka upande wa ng'ombe ilibebwa hatua chache tu ikafika kwenye shina la mgomba, na mgomba ukamrudishia ng'ombe majani na gogo. Nyumba ilikuwa katikati ya mzunguko huo. Ng'ombe akiondolewa, kihamba hupungua nguvu, jambo ambalo mkulima yeyote wa kahawa analijua hata leo.

Sababu ya tatu ilikuwa ya watu na watu. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Aliwagawa kwa ndugu, marafiki na hata watu wa mbali, kila mmoja akatunziwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na siku ya kuchinja alikuwa na fungu lake la nyama. Kwa njia hiyo utajiri wa mtu haukuonekana kwa macho ya jirani wala ya Mangi mwenye tamaa, na mtu maskini aliyekuwa na nyumba na mke mwenye nguvu ya kukata nyasi hakukosa maziwa kwa watoto wake. Ng'ombe aliyefungwa katika giza la nyumba ile mara nyingi alikuwa ahadi kati ya nyumba mbili.

Hori la Luka

Hapa yafaa kusimama kidogo. Wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi ya zamani mwaka 1896, walihubiri habari ya kuzaliwa kwa Bwana wakiwa na picha ya banda lililotengwa, kwa sababu nchini kwao ng'ombe alikuwa na banda lake. Wataalamu wengi wa Maandiko siku hizi wanakubali kwamba katika vijiji vya Palestina ya kale nyumba ya mkulima ilikuwa na sehemu ya wanyama ndani yake, na hori lilikuwa hatua chache kutoka mahali pa kulala. Yule mwanamke wa Endori katika Samweli wa Kwanza alikuwa na ndama aliyenona ndani ya nyumba yake. Bwana mwenyewe, katika Luka 13, anazungumza na wasikilizaji ambao kila mmoja humfungua ng'ombe wake horini na kumpeleka kunywa maji. Kwa jambo hili bibi wa Mamba aliyesikiliza akiwa amekaa chini alikuwa karibu na Bethlehemu kuliko mhubiri wake. Hori kwake halikuwa mahali pa kutupwa mtu aliyekosa nafasi. Lilikuwa upande wa pili wa kitanda chake.

Nyumba ya pembe nne

Majengo ya misheni yalikuwa ya pembe nne, yenye kuta za mawe au matofali, madirisha, vyumba na baraza. Hayakuwa majengo ya kifahari kwa kipimo cha Ulaya, lakini mlimani yalikuwa fundisho hata kabla ya mwalimu kufungua kinywa. Vijana waliojifunza useremala na uashi katika vituo vya misheni ndio waliokuwa wa kwanza kujijengea nyumba za namna hiyo. Mara nyingi walikuwa pia waalimu na wazee wa kanisa, hivyo nyumba ya pembe nne ikawa alama ya Mkristo karibu sawa na jina la ubatizo.

Nguvu nyingine zilisukuma upande huo huo. Utawala wa Wajerumani ulianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba moja ya shamba. Kwa mtu mwenye wake wengi, ambao kila mmoja alikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake, kodi hiyo ilikuwa hesabu mpya. Kanisa nalo lilidai ndoa ya mke mmoja. Zamani nyumba ilikuwa ya mke: yeye aliulinda moto, alikamua, aliyagawa maziwa, na mume mwenye wake kadhaa alikuwa na mahali pake pa kulala. Nyumba ya pembe nne yenye sebule, meza na kiti cha baba ilikuwa nyumba ya mume. Jambo hili halikuandikwa katika kanuni yoyote ya kanisa, wala si hakika kwamba waliolileta walilitambua.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Mtu mzima aliyeacha watoto alizikwa ndani ya nyumba yake, na baada ya muda mifupa yake ilitolewa na kuwekwa migombani, mahali ambapo masale yalipandwa. Nyumba ilikuwa basi ya watu, ya ng'ombe na ya wafu. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza Moshi, aliandika juu ya mila hizo katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake. Wamisionari hawakuweza kulipita jambo hilo kimya, kwa kuwa tambiko la wazee lilifanyika hapo hapo, kati ya moto na zizi. Kumtoa Mkristo katika msonge kulikuwa, machoni pao, kumtoa katika tambiko. Kwa hiyo suala la usafi, ambalo ndilo lililotajwa zaidi shuleni, lilibeba suala jingine ndani yake.

Si wamisionari wote waliokuwa na nia moja. Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na kutumika kwa miaka mingi Moshi ya zamani mpaka mwaka 1938, aliamini kwamba vifungo vya ukoo, ujirani na rika ni vya Mungu, na kwamba usharika ujengwe juu yake badala ya kuvibomoa. Aliandika mafundisho ya wazee kwa uangalifu mkubwa katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Wengine walimlaumu kwamba alitaka kumfunga Mwafrika katika mambo ya kale wakati vijana walitaka shule, fedha na nyumba ya bati, na lawama hiyo si ya bure kabisa. Lakini katika jambo la nyumba aliona kile ambacho wengi hawakukiona: kwamba mtu hawezi kubadilisha umbo la nyumba bila kubadilisha nani anakaa karibu na nani, na nani anamwita nani usiku.

Kahawa na bati

Pamoja na mahubiri yote, kilichoijaza miteremko nyumba za pembe nne ni kahawa. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, mji mpya wa Moshi ukaota kando ya stesheni, na bidhaa za chuma zikapatikana karibu. Chama cha wakulima Waafrika wa kahawa kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU. Bei ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa miaka ya hamsini, fedha za msimu ziligeuka mabati, misumari na saruji. Paa la bati lilikuwa na faida ya wazi: halikuungua, halikuhitaji nyasi mpya, na mvua iliyotiririka juu yake ilikingwa katika pipa. Lilikuwa na kasoro pia, kwa maana lilikuwa baridi usiku na kelele wakati wa mvua, lakini hakuna aliyerudi nyuma kwa sababu hiyo.

Ndipo likatokea lile lililotajwa mwanzoni. Familia ilipomaliza nyumba ya bati, msonge haukubomolewa. Ng'ombe walibaki humo. Katika vihamba vingi mama mzee wa nyumba naye alibaki, akikataa kuhamia kwenye sakafu ya saruji, akasema kwamba ng'ombe hawezi kulala peke yake na moto hauwezi kuachwa ufe. Wajukuu walitumwa kulala kwake. Hivyo kwa kizazi kizima kihamba kimoja kilikuwa na nyumba mbili: ya mbele, ya baba, yenye picha ukutani na kitabu cha nyimbo mezani, na ya nyuma, ya bibi, yenye ng'ombe, ndizi za kuiva na hadithi. Wakristo wengi wa umri wa makamo waliosikia Injili katika nyumba ya mbele walijifunza lugha, ukoo wao na adabu katika nyumba ya nyuma.

Bibi alipofariki, msonge ukawa zizi tupu. Bila moto wa kila siku nyasi zilianza kuoza. Baada ya misimu michache paa liliinama, na mahali pake pakajengwa banda la mbao lenye paa la bati na hori la saruji.

Banda la sasa

Banda hilo lina historia yake njema. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa walipoenea, mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ulirudisha kwa sura mpya desturi ya zamani ya kumweka ng'ombe kwa jirani: aliyepewa mtamba alitoa ndama jike wa kwanza kwa mwingine. Huko Nronga, Machame, akina mama waliunda chama chao cha ushirika cha maziwa mwaka 1988, na kwa hilo maziwa, ambayo katika msonge yalikuwa mikononi mwa mama, yalibaki mikononi mwake hata yalipokuwa fedha. Kazi ya nyasi haikupungua sana, isipokuwa siku hizi mara nyingi hubebwa kwa pikipiki au gari dogo na hununuliwa.

Kinachopungua ni kihamba. Mkoa ulihesabiwa kuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012 na 1,861,934 mwaka 2022, na kihamba kilichogawanywa kwa wana watatu kila kizazi hakiachi nafasi ya banda. Karibu na barabara za lami banda lililokosa ng'ombe hutiwa sakafu na mlango, likawa stoo, jiko au chumba cha kijana. Kwa hiyo miteremko nayo imefika, kwa njia ndefu ya kuzunguka, pale walipofika wenye mashamba ya Ulaya: zizi linakuwa makazi. Tofauti ni kwamba huko waliotengeneza mabanda waliachiwa kuta za mawe. Hapa kilichoachwa ni duara la ardhi nyeusi, yenye rutuba kuliko sehemu nyingine yoyote ya kihamba, ambamo mgomba huota vizuri kupita kiasi.

Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Heshima hiyo ni ya migomba, kahawa, mifereji na miti. Kwa nyumba iliyokuwa moyo wa mfumo huo, mahali pa kuiona kwa urahisi ni Marangu, ambako misonge imejengwa kwa ajili ya watalii na wanafunzi. Kitanda kipo, mafiga yapo, dari lipo, na upande wa ng'ombe umetengwa kwa miti kama ilivyokuwa. Sharika zenye wazee wanaojua bado kupinda fito na kufunga kamba za migomba zingefanya vema kuwaomba wawafundishe vijana wa kipaimara wakati wa likizo, na kuuwasha moto ndani ya nyumba hiyo kila siku, kwa sababu nyasi zisizofukizwa huliwa na wadudu kabla mvua hazijafika mara ya tatu.